Uzi: Chios, kisiwa cha Ugiriki ambako vijiji vizima vilijengwa kulinda utomvu wa mti

Mleta uzi

Wakuu, salaam.

Visiwa vya Ugiriki vikitajwa humu, mjadala huishia Santorini na Mykonos: kuta nyeupe, jua kuzama, picha. Mimi leo nawapeleka mashariki kabisa ya bahari ya Aegean, kisiwa cha Chios. Pale kinapokaribiana zaidi na Uturuki, kati yake kuna kama kilomita 7 tu za maji, kwa hiyo ikiingia jioni taa za mji wa Çeşme, upande wa Uturuki, unaziona bila darubini. Kisiwa ni kikubwa, kilomita za mraba 842, wakazi wake ni kama elfu 50, na sehemu kubwa ya mwaka vichochoro vyake utapishana na wenyeji kuliko watalii.

Kusini mwa kisiwa kuna vijiji 24 vya mastika. Mastika ni utomvu wa mti mfupi wenye matawi yaliyopindapinda. Jamii ya mti huo imeenea pande zote za bahari ya Mediterania, lakini kilimo chake cha utomvu huu kimejikita hapo hapo kusini mwa Chios. Wagiriki wa kale waliutafuna kusafisha kinywa, Waarabu wanautia kwenye maji ya kunywa, aisikrimu na kahawa, na waliokaa Muscat au Jeddah watakuwa wameshaionja hata kama hawajui inakotoka. Mwaka 1493 Christopher Columbus, akiandika barua kuhusu nchi alizofika ng'ambo ya Atlantiki, aliahidi mastika na kueleza kwamba mpaka wakati huo ilikuwa ikipatikana Chios peke yake. Alikuwa ameshafika Chios kabla ya safari ile, na bei ya mastika aliijua.

Mwaka 1346 Wagenoa kutoka Italia walikiteka kisiwa, wakakishika hadi 1566 kilipoingia mikononi mwa Waosmani. Wagenoa walikuwa wafanyabiashara, na biashara waliyoitaka ilikuwa ya mastika. Wakaifanya yao peke yao, na aliyekamatwa na mastika ya wizi aliadhibiwa kikatili. Wakulima wakakusanywa kwenye vijiji vyenye ngome ili waweze kulindwa dhidi ya maharamia, na pia waweze kuchungwa wao wenyewe.

Namna vijiji hivyo vilivyojengwa inastahili kuangaliwa kwa makini. Hakuna ukuta wa ngome uliosimama peke yake. Nyumba za pembezoni zimeshikana bega kwa bega, na migongo yao ndiyo ukuta. Kwa nje, chini, hakukuwa na mlango wala dirisha. Unaingia kwa lango, kisha unajikuta kwenye vichochoro vinavyopinda na kupita chini ya matao ya mawe, vingine havina njia ya kutokea kabisa, vilitengenezwa ili mvamizi apotee. Katikati kuna mnara. Paa za nyumba ni tambarare na zinakaribiana kimo, kiasi kwamba adui akishaingia mitaani watu waliweza kukimbia juu kwa juu mpaka kwenye mnara.

Mesta ndicho kijiji kilichohifadhika vizuri kuliko vyote. Mnara wake haupo tena, mahali pake limejengwa kanisa kubwa la Taxiarchis katika karne ya 19. Lakini vichochoro vipo, na watu wanalala humo, wanapika humo, wanaanika nguo humo. Nilitembea saa za mchana ambapo jua nje lilikuwa kali hata huwezi kushika chuma cha gari, ila chini ya yale matao palikuwa na ubaridi wa pangoni. Kuta ni nene sana.

Naendelea na Pyrgi post inayofuata. Maswali karibuni.

Mleta uzi

Pyrgi ni kijiji ambacho karibu nyumba zake zote, toka chini hadi chini ya paa, zimechorwa maumbo ya rangi nyeusi na nyeupe: pembetatu, miraba, duara, nyota, mistari ya pembe. Hata sehemu ya chini ya vibaraza imechorwa. Ukisimama kwenye uwanja wa katikati hujui uangalie wapi kwanza.

Na kwenye vibaraza hivyo hivyo, mwishoni mwa kiangazi, wanatundika mashada ya nyanya ndogo ndogo zilizofungwa kwa uzi, zinakaushwa hapo kwa ajili ya majira ya baridi. Nyekundu juu ya nyeusi na nyeupe.

Kando ya uwanja, kupitia njia nyembamba, kuna kanisa dogo la Mitume Watakatifu, la matofali, lenye michoro ya ukutani ya mwaka 1665. Watu wengi wanalipita bila kuliona kwa sababu mlango umejificha chini ya tao. Msilipite.

Fundi Chokaa

Mkuu mleta uzi, mimi ni fundi lipu. Nimeangalia picha za hiyo Pyrgi mtandaoni baada ya kusoma hapa. Ile ni rangi imepakwa au ni lipu yenyewe? Maana rangi ya nje inayokaa miaka yote hiyo bila kubanduka siijui.

Mleta uzi

Fundi, umeuliza swali nililokuwa nalisubiri. Si rangi ya kupakwa. Wanaiita xysta.

Wanachanganya chokaa na mchanga mweusi, huo mchanga kwa asili yake unatoka pwani ya Emporios, ambako kulikuwa na volkano zamani na kokoto zote za ufukweni ni nyeusi. Wanapiga lipu hiyo ya kijivu iliyokolea. Juu yake wanapitisha tabaka jembamba la chokaa nyeupe. Kabla halijakauka, fundi anapima mistari kwa kamba na rula, duara anazichora kwa bikari, halafu anakwangua ile nyeupe sehemu anazotaka ili kijivu cha chini kitokeze. Wengi wanakwangulia uma wa kulia chakula. Nilimwona mmoja juu ya jukwaa la bomba, uma mkononi, mkwanguo mmoja mfupi baada ya mwingine, hapigi mstari wowote mara mbili. Vumbi la chokaa lilikuwa linamdondokea kwenye kope naye hafuti.

Kwa hiyo hakuna cha kubanduka, kwa sababu rangi zote mbili ni lipu. Mvua ikila, inakula polepole. Na shida yake unaijua wewe kuliko mimi: ukikosea kwenye lipu mbichi huna pa kurudi, na ikikauka kabla hujamaliza kazi imekwisha.

Kinachonifurahisha ni kwamba nyumba mpya za pale nazo zinapigwa xysta. Kwa hiyo fundi wa Pyrgi ana kazi ya kila siku, hasubiri mradi wa ukarabati wa mambo ya kale.

Fundi Chokaa

Asante sana mkuu. Sisi huku chokaa tumeiacha kabisa, kila kitu saruji. Hilo la kukwangua likiwa bichi nimelielewa, nitajaribu kwenye ukuta wa uani kwangu.

Mkulima wa Korosho

Mkuu, umesema utomvu. Naomba utuelezee kilimo chenyewe na soko likoje. Huku kwetu kila msimu ni mjadala wa AMCOS (vyama vya ushirika vya wakulima), minada na makato. Hao wa Chios wanauzaje?

Mleta uzi

Mkulima, hapa nitakaa kidogo.

Mti unapandwa kwa vipandikizi vya matawi. Unaanza kutoa ukiwa na miaka kama mitano sita, na ukitunzwa unaweza kufika miaka mia. Mavuno ya mti mmoja kwa mwaka mara nyingi hayafiki robo kilo. Soma tena hapo: robo kilo, mwaka mzima. Ndiyo maana kitu hiki ni ghali.

Mwezi Juni wanafagia chini ya kila mti mpaka ardhi inakuwa safi na tambarare kama sakafu. Kisha wanamwaga unga mweupe wa chokaa asilia na kuusambaza duara kuzunguka shina. Kuanzia Julai wanachanja gome kwa kichuma kidogo chenye ncha, michanjo mifupi, michache kwa siku, wanarudia mti huo huo baada ya siku kadhaa. Usichanje kwa pupa, utauua. Utomvu unatoka kama machozi, unadondoka kwenye ule unga mweupe na kuganda kwa wiki mbili hadi tatu. Unga unausaidia utomvu usishike udongo. Kuokota ni alfajiri, kabla jua halijaulainisha, watu wameinama chini ya matawi yanayowafika kiunoni.

Kisha kuna kazi ya kusafisha, nayo haina mashine ya kuimaliza. Kwenye kijiji cha Olympi nilimkuta bibi mmoja amekaa kizingitini, ungo mapajani, kisu kidogo mkononi. Anachukua punje moja moja, zipo za ukubwa wa njegere na zipo ndogo kama mchele, anakwangua chembe ya gome iliyonasa, anatupa kwenye bakuli, anachukua nyingine. Alinipa moja nitafune. Mwanzoni inapasukapasuka kama mchanga na ina uchungu. Ukivumilia dakika moja inashikana, inakuwa nyeupe, laini, na harufu ya msonobari inapanda mpaka puani. Hakutaka hela. Alinionyesha kwa kidole nisiiteme mapema.

Soko sasa. Mwaka 1938, baada ya miaka ya bei mbovu, wakulima waliungana kwa sheria kwenye chama kimoja kikuu cha wazalishaji wa mastika. Vyama vya msingi viko vijijini, kila mkulima anapeleka mzigo kwenye chama chake, na mastika ghafi yote inapita kwenye chama kikuu. Inapangwa madaraja: zile kubwa bapa, machozi makubwa, machozi madogo. Chama kina kiwanda chake cha chingamu, na tangu 2002 kampuni yake imefungua maduka yanayouza mastika kwa sura nyingi, kuanzia sabuni hadi biskuti. Mwaka 1997 Umoja wa Ulaya ulililinda jina la asili yake, kwa hiyo mwingine hawezi kuandika Mastika ya Chios kwenye utomvu wa kwingine. Mwaka 2014 UNESCO ikaingiza ujuzi wenyewe wa kilimo hicho kwenye orodha ya urithi usioshikika. Na 2015 shirika la dawa la Ulaya likaikubali kama dawa ya asili kwa maumivu madogo ya tumbo.

Ndiyo msimamo wangu katika uzi huu: Mesta na Olympi hazijasimama kwa sababu ya utalii. Zimesimama kwa sababu mtu wa pale akibaki kijijini ana cha kuvuna na ana wa kumuuzia. Kwingineko kisiwani, pasipo na mastika, nitawaonyesha kijiji kilichokufa.

Mkulima wa Korosho

Je, moto? Miti ya miaka mia ikiungua inakuwaje? Sisi mkorosho ukiungua ni hasara ya familia.

Mleta uzi

Ni kilio kile kile. Agosti 2012 moto mkubwa ulipita kusini na kuteketeza mashamba mengi ya mastika. Juni 2025 kisiwa kikaungua tena, watu wakahamishwa. Ukiendesha gari kusini bado unakutana na vilima vyenye mashina meusi na miche mipya imepandwa katikati yake. Aliyepanda mche baada ya 2012 ndiyo kwanza anavuna kitu cha maana.

Mleta uzi

Sasa hicho kijiji kilichokufa. Kinaitwa Anavatos, kiko katikati ya kisiwa upande wa magharibi, juu ya jabali lenye poromoko kali. Nyumba zina rangi ile ile ya mwamba, ukiwa mbali huoni mahali jabali linapoishia na kijiji kinapoanzia.

Kuelewa Anavatos lazima uanze na mwaka 1822. Wagiriki walikuwa wameanza vita vya kudai uhuru kutoka kwa Waosmani mwaka uliotangulia. Chios ilikuwa tajiri na haikuwa na haraka ya vita, lakini wapiganaji kutoka Samos walitua, na jibu la Sultani likawa la kutisha. Makumi ya maelfu waliuawa au kuuzwa utumwani. Mchoraji wa Kifaransa Eugène Delacroix alionyesha picha ya mauaji hayo mjini Paris mwaka 1824, ipo Louvre hadi leo. Vijiji vya mastika viliachwa mwanzoni, kwa sababu mastika yake ilikuwa inakwenda kwenye kasri la Sultani. Wengine hawakuwa na kinga hiyo. Watu wa Anavatos walijifungia juu ya jabali, na inasimuliwa kisiwani kote kwamba walipoona hakuna njia wengi walijirusha chini kutoka jabalini kuliko kukamatwa.

Wachache walirudi baadaye. Mwaka 1881 likaja tetemeko kubwa la ardhi, na baada ya hapo kijiji hakikuinuka tena. Leo unapanda kwa miguu kati ya nyumba zisizo na paa. Vaeni viatu vya kufunga, mawe yanateleza.

Kabla ya kufika huko utapita Nea Moni, nyumba ya watawa iliyojengwa katikati ya karne ya 11 kwa fedha za mfalme wa Bizanti, Konstantino wa Tisa Monomachos. Masimulizi yanasema watawa watatu wa Chios walimtabiria kwamba atatawala alipokuwa bado uhamishoni, naye akaahidi kuwajengea. Mozaiki zake zenye dhahabu ndizo zilizoifanya iingie UNESCO mwaka 1990. Kaeni ndani mpaka macho yazoee giza, dhahabu haionekani mara moja. Na karibu na lango kuna kikanisa chenye kabati la kioo lililojaa mafuvu ya waliouawa 1822. Mengine yana alama ya panga. Hakuna maelezo marefu, na hayahitajiki.

Binti Wete

Kaka, uzi mzuri, Mungu akubariki. Mimi ni Muislamu, navaa hijabu, nafikiria kwenda peke yangu. Hapo umetaja 1822 nikasita kidogo. Watatupokeaje? Na chakula? Na rangi yetu?

Mleta uzi

Dada, nakujibu bila kukuficha.

Vijijini utapokewa vizuri. Watakukodolea macho kidogo, kisha mtu atakuletea kiti. Adabu moja itakufaa: ukialikwa nyumbani utapewa kijiko cha tunda lililopikwa kwa sukari na glasi ya maji baridi, au kijiko cha uji mzito mweupe wa mastika uliozamishwa ndani ya maji. Pokea, hata kama huli chote.

Chakula si tabu. Samaki, pweza, maharage, njegere, bamia, mboga za porini kwa mafuta ya zeituni, jibini ya kukaanga. Uliza tu kama mchuzi umetiwa divai. Kuna kinywaji cha tini kinaitwa souma, hicho ni kileo.

Msikiti unaosaliwa sikuuona. Historia ya Waislamu ipo wazi lakini, maana Chios ilibaki chini ya Waosmani hadi Novemba 1912. Ndani ya ngome ya mjini, ambamo watu wanaishi mpaka leo, kuna makaburi ya Kiosmani, likiwemo la Kara Ali, amiri wa jeshi la majini aliyeuawa Juni 1822 pale Kanaris, baharia wa Kigiriki, alipoilipua meli yake kwa mashua ya moto. Kaburi la adui wamelihifadhi. Msikiti wa Mecidiye uliopo mjini umekuwa jumba la makumbusho ya Bizanti. Ukiwa Athens utapata msikiti rasmi wa Votanikos, uliofunguliwa Novemba 2020.

Kuhusu rangi: tangu 2015 kisiwa hiki kimekuwa mlango wa wakimbizi wanaovuka kutoka Uturuki kwa mashua za mpira, na kituo cha kuwaandikisha kipo. Polisi wanaweza kukuuliza karatasi bandarini wakati mzungu aliye mbele yako hakuulizwa. Mimi niliulizwa. Tembea na pasipoti yenyewe, nakala ya simu haitoshi, na weka karibu karatasi ya hoteli na tiketi ya kurudi. Linachukua dakika chache, linauma, na ni vema ulijue kabla.

Binti Wete

Nashukuru kwa kunieleza kweli. Bora kujua. Nitakwenda inshallah.

Mzee wa Mkonge

Vijana, Wagiriki si wageni kwetu. Mashamba ya mkonge ya Tanga na Morogoro yaliendeshwa na Wagiriki wengi enzi za Mwingereza. Ukumbi wa Arnautoglu pale Mnazi Mmoja unabeba jina la Mgiriki wa mkonge. Lakini nauliza: pesa ya kwenda huko si bora mtu aione Kilwa kwanza, au Pangani?

Mleta uzi

Shikamoo mzee. Nashukuru kwa kutukumbusha Arnautoglu, wengi wanalitaja jina hilo bila kujua ni la nani.

Kilwa mtu aende, tena aende mapema. Ila mimi nimeifikiria Pangani zaidi baada ya Chios kuliko kabla. Kampos, nje kidogo ya mji wa Chios, ni mitaa ya mashamba ya michungwa na michenza iliyozungushiwa kuta ndefu za jiwe jekundu la kijiji cha Thymiana. Ndani kuna majumba ya matajiri wa zamani, kisima, gurudumu la kuvutia maji, birika la mawe. Tetemeko la 1881 lilibomoa mengi, baridi kali na soko vikawapunguzia michungwa thamani. Yaliyobaki yamegeuzwa nyumba za wageni na makumbusho ya machungwa, mengine yameoza na malango yake mazuri yamesimama peke yake. Ukisimama mbele ya lango la namna hiyo, ghala la zamani la Pangani linakujia lenyewe. Tofauti ni kwamba kule mchenza bado unazaa nyuma ya ukuta, na jina lake limelindwa kisheria.

Mleta uzi

Nimalizie ya safari, maana PM zimejaa.

Kutoka Athens kuna ndege, chini ya saa moja. Mimi nashauri meli ya usiku kutoka Piraeus, bandari ya Athens, safari ya muda wa saa nane hivi, unaamka alfajiri bandari ya Chios iko mbele yako. Chukueni sweta, ndani ya meli kiyoyozi hakizimwi.

Mabasi ya abiria, yanaitwa KTEL, yanafika vijiji vya kusini lakini ni machache, na Anavatos huwezi kuyategemea. Kodi gari, na leseni ya kimataifa ubebe. Kutoka mjini mpaka Pyrgi ni kama kilomita 25, Mesta mbele yake, barabara ni nzuri ila ina kona nyingi. Lala angalau usiku mmoja ndani ya Mesta. Wanaokuja kwa siku moja wanaondoka saa kumi jioni, na baada ya hapo ndipo wenyeji wanatoa viti nje.

Jumba la Makumbusho ya Mastika lililofunguliwa 2016 lipo kilimani karibu na Pyrgi, nje yake kuna miti halisi. Anzia hapo kabla ya vijiji, mengine yote yatakukalia vizuri.

Muda: ukitaka kuona uvunaji nenda kati ya Agosti na Septemba. Ukitaka kutembea kwa miguu bila jua kali, Aprili na Mei.

Visa ni ya Schengen, yaani ile moja ya nchi nyingi za Ulaya. Kuna boti za kuvuka mpaka Çeşme, chini ya saa moja, na wengi hushawishika wakiiona Uturuki iko pale pale. Uturuki haimo Schengen. Kama visa yako ni ya kuingia mara moja, ukivuka hurudi Chios, na mizigo yako iko hotelini. Omba ya kuingia zaidi ya mara moja tangu unapojaza fomu.

Fundi, picha za hatua za xysta nazipandisha kesho, zipo nyingi.